Upande wa Kushoto wa Bwana Aflah

Khuwair ya Kusini
Jumanne, 15 Oktoba 2024

Bwana Aflah,

Assalaam alaykum. Nnakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu hupokei, na kundi letu la WhatsApp umejitoa kwa mara ya tatu mwaka huu. Barua atakuletea mwenyekiti wetu, Bwana Shihab, maana yeye ni jirani yako huko Hail.

Jana asubuhi, dakika ya kumi na nane, ulimgonga Bwana Loay kwa bega akaenda kujibamiza kwenye ukuta wa pembeni. Nikapiga filimbi. Ukageuka ukasema, "Nani? Mimi?" Watu kumi na tisa walikuona, Bwana Aflah, pamoja na yule dereva wa mashine ya kulainisha barafu, ambaye hoki haijui kabisa, na hata yeye alishika kichwa.

Nnakukumbusha kanuni, maana naona zimekutoka. Ligi yetu ya hoki ya barafu ni ya watu wa miaka hamsini kwenda juu. Kwa hivyo hatugongani miili. Fimbo haipandi juu ya kiuno. Paki, kile kisahani cheusi tunachokigombania, hatukipigi kikaruka juu ya magoti. Kila mtu anavaa wavu wa uso. Filimbi ikilia, mtu anasimama. Na kanuni ya saba: kila anayekanyaga barafu awe na fomu ya afya ya mwaka huu, iliyojazwa na daktari. Ni kanuni za watu ambao nyonga ikivunjika wanalala miezi sita, na wengine hawainuki tena.

Hili ni tukio la tatu. Mwezi wa tano ulimwangusha Bwana Wael. Mwezi wa tisa fimbo yako ilimpata Shihab mwenyewe kwenye kiwiko. Na jana Loay. Wote watatu walikuwa kushoto kwako. Mimi nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji miaka thelathini na moja, na siiamini bahati mbaya inayokuja upande mmoja tu.

Umefungiwa mechi nne. Ukitaka kurudi, leta fomu mpya, na sehemu ya macho ijazwe. Mwaka jana uliiacha tupu, na mimi kwa kukustahi nikanyamaza.

Wijdan
Refa na msimamizi wa usalama

*

Hail
Alkhamisi, 17 Oktoba 2024

Bi Wijdan,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika. Shihab kaniletea mlangoni uso umemkunjamana, ananiambia yeye ni mwenyekiti, si tarishi. Nimempa kahawa na tende, kapoa.

WhatsApp nimejitoa kwa sababu ya Loay. Kila alfajiri ananipelekea picha ya waridi lenye umande, na chini yake "Sabahul kheir". Mimi nna miaka sitini na tisa. Muda uliobaki sitaki kuumaliza nikifuta mawaridi.

Sasa hoki. Nilikuwa na miaka ishirini nilipotoka Unguja kwenda Brno, Chekoslovakia, kusomea uhandisi. Wacheki walinifundisha kuteleza kwenye bwawa lililoganda nyuma ya bweni letu. Huko mtu akikugonga, unainuka, unakohoa, mnaendelea. Nilipokuja Maskati mwaka 1981 nikaiaga barafu, nikaweka viatu vyangu juu ya kabati miaka thelathini na minane, mpaka mlipoanzisha ligi. Mahbuba, mke wangu, anasema siku ile ndiyo aliniona nikicheka mpaka jino la mwisho. Na sasa unanifungia mechi nne kwa bega!

Ati wote walikuwa kushoto kwangu. Bi Wijdan, mimi ni beki wa kulia. Beki wa kulia yuko karibu na ukuta wa kulia. Kwa hivyo uwanja mzima uko kushoto kwake, na golikipa, na wewe na filimbi yako, na Maskati yote. Ungetaka nimgonge nani upande wa kulia, ukuta?

Tuseme lililo moyoni. Loay ni mume wa dada yako. Angeanguka mwengine, ungenipa mechi moja na kijembe.

Daktari siendi. Macho yangu ni mazima.

Aflah

*

Khuwair ya Kusini
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Bwana Aflah,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaiweka chini ya birika ili nisiichane.

Loay ni shemeji yangu, kweli. Mwaka jana nilimfungia mechi mbili kwa kuinua fimbo, na dada yangu alininunia Ramadhani nzima. Kwa hivyo hilo la upendeleo lirudishe ulikolitoa. Loay ananiambia ana michubuko ya mbavu tu, na kesho anarudi. Tumshukuru Mungu. Lakini nilimwona alipokuwa ameinama, mdomo wazi, anatafuta pumzi haipati. Pale sikumwona shemeji. Nilimwona mtu wa miaka sitini na nne aliyevaa nguo za kuchezea.

Unaniambia ya Brno. Brno ulikuwa na miaka ishirini. Nenda kajitazame kwenye kioo cha chooni kwako, kisha nambie yule unayemwona ana miaka mingapi.

Msimu wa kwanza hatukuwa na kanuni hata moja. Tulikuwa watu wazima, tukasema watu wazima wanajua mipaka yao. Wael alitoka bila ya meno manne. Mimi ndiye niliyeyaokota kwenye barafu, nikayatia ndani ya maziwa, nikaendesha gari hadi kwa daktari huku yeye akinililia kama mtoto. Jioni ile ndipo nilipokaa nikaandika kanuni. Sikuziandika kuwakomoa. Nataka kila mtu, mechi ikisha, arudi kwake akale chakula cha mchana kwa meno yake.

Ya beki wa kulia nimeipenda. Inakaribia kuwa hoja. Sasa funga jicho la kulia, tazama saa ya ukutani, na unijibu kweli unaona ni saa ngapi.

Wijdan

*

Hail
Jumanne, 29 Oktoba 2024

Bi Wijdan,

Hii hapa fomu. Moyo mzima, mapafu mazima, presha ya kijana. Macho: "anaona vizuri". Muhuri wa kliniki uko pale chini, saini ya daktari pembeni yake. Mechi nne zimekwisha jana. Ntakuja Jumatatu.

Swali langu dogo. Kanuni ya saba inasema "kila anayekanyaga barafu". Refa anaruka hewani? Ubaoni pale ofisini nimezoea kuona fomu za watu wote zimebanwa, yako sijapata kuiona. Umri wako sikuulizi, nna adabu. Fomu nnakuuliza.

Aflah

*

Khuwair ya Kusini
Alkhamisi, 31 Oktoba 2024

Bwana Aflah,

Fomu yako imepokelewa. Unaruhusiwa kucheza kuanzia Jumatatu, tarehe nne. Nakiri nilikudhania vibaya kuhusu macho, na kwa hilo uniwie radhi. Hata hivyo kaa kwenye nafasi yako, usifukuze paki kama unafukuza mwizi.

Fomu yangu ipo ndani ya faili, pahala inapostahili kuwa. Msimamizi wa usalama ndiye anayekagua. Hakaguliwi na mchezaji aliyetoka kifungoni juzi. Naomba tusilizungumze tena.

Wijdan

*

Hail
Jumatano, 13 Novemba 2024

Bi Wijdan,

Sijui kama utaisoma hii, wala lini. Mahbuba ananiambia nisiandike. Nimekaa na kalamu tangu alfajiri, siwezi kufanya jengine.

Jana nilikuja hospitali. Mwanao Maan, aliyekuja mbio kutoka Sohar, alinikuta kwenye ukumbi wa wodi. Akanisalimia kwa adabu, akanishika mkono, akaniambia, "Ami Aflah, rudi nyumbani." Hakupandisha sauti. Nilitamani anitukane.

Nnataka ujue ilivyokuwa, kwa sababu labda hukumbuki. Juzi, ilikuwa karibu na mwisho wa mechi. Paki ilikuwa imekwama pembeni. Nikageuka kuifuata, na wewe ukatokea. Wallahi ulitokea ghafla, kama mtu aliyechomoza chini ya barafu. Nilisikia mguso, hata haukuwa mkubwa. Ulianguka kwa ubavu, kisha kichwa. Kofia yako ilikuwa imefungwa sawasawa. Ukakaa, ukatwambia, "Sina kitu, endeleeni." Ukapiga filimbi mwenyewe. Baada ya nusu saa, kwenye benchi, ukaanza kumwita Loay kwa jina la marehemu mumeo.

Madaktari wamemwambia Shihab damu ilivuja ndani ya fuvu, wakatoboa kuitoa. Kila mtu anashangaa. Wael anasema yeye kaanguka mara kumi vibaya kuliko vile, akaishia kupata uvimbe kama yai. Labda barafu ilikuwa na maji. Yule dereva wa mashine nilimwona akizungumza na simu badala ya kutazama kazi yake. Mtu lazima aulizwe.

Nnakuombea katika kila sala.

Aflah

*

Hail
Jumamosi, 16 Novemba 2024

Mpenzi Bi Wijdan,

Mimi ni Mahbuba, mke wa Aflah. Tulionana mara moja kwenye harusi ya binti wa Shihab, tukazungumza habari za mkate wa kumimina. Maan ameniambia kwa simu kuwa umeanza kufumbua macho na kuuliza khabari za watu. Barua hii nimempa yeye. Nimemwambia akusomee pale utakapoweza kuisikia bila ya kuumia kichwa.

Mume wangu jicho la kushoto haoni. Ni presha ya macho. Ilimwanza miaka miwili iliyopita, akapewa matone, akayatia wiki tatu, akasema yanawasha. Sasa upande ule anaona kivuli tu. Nguzo ya geti letu keshaigonga kwa gari mara mbili, upande huohuo. Chai nikimwekea kushoto, inamwagika.

Na ile fomu. Daktari alimwambia azibe jicho la kulia kwa mkono asome herufi. Aliziba, akachungulia baina ya vidole. Alirudi nyumbani akinisimulia huku anacheka, kama mtoto wa skuli aliyeiba mtihani. Na mimi, Bi Wijdan, nilicheka naye. Hilo ndilo halinipi usingizi.

Nilikuwa nikijua. Ningeweza kukupigia simu siku ile. Lakini tangu alipostaafu wizarani mtu huyu hana pengine pa kwenda. Siku zisizo za barafu anakaa jikoni kwangu ananipangia makabati, ananiuliza kwa nini vijiko viko hapa na si pale. Jumatatu na Jumatano anatoka na begi lake begani, mgongo umenyooka. Nikasema, mwache. Nilijipendelea mwenyewe na nikampendelea yeye. Aliyelipa ni wewe.

Hajui kama nimekuandikia. Ntamwambia leo usiku, na atafoka, na afoke.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, ntaelewa.

Mahbuba

*

Khuwair ya Kusini
Alkhamisi, 28 Novemba 2024

Bwana Aflah,

Mwandiko huu mbaya ni wangu mwenyewe. Mkono wa kulia bado mzito, naandika mistari mitatu napumzika. Kwa hivyo kila neno utakalolisoma hapa limenigharimu, usilipite haraka.

Ulichungulia baina ya vidole.

Mzee mzima, mhandisi uliyejenga mabomba ya maji ya nusu ya mji huu, ulikaa kwenye kiti cha daktari ukachungulia baina ya vidole. Kisha ukaniletea ile karatasi yenye muhuri, na mimi nikakuomba radhi. Nilikuomba radhi kwa maandishi! Halafu unaniandikia hospitalini kwamba barafu ilikuwa na maji, na kwamba dereva wa watu aulizwe. Yule ni baba wa watoto watatu, anaishi kwa kazi ile. Ulitaka afukuzwe kwa sababu ya jicho lako?

Sikutokea chini ya barafu. Nilikuwa kushoto kwako, hatua nne, nimevaa shati la refa lenye mistari, napiga filimbi. Mtu yeyote angeniona.

Nimeandika hapo nikapumzika mpaka laasiri. Sasa sehemu ya pili, ambayo ni ngumu zaidi, na ningekuwa muoga kidogo tu ningeimalizia barua pale juu.

Uliuliza fomu yangu iko wapi. Ipo ndani ya faili, kama nilivyosema. Niliijaza mwenyewe. Nilitia saini mahala pa mchezaji, na nikatia saini mahala pa mkaguzi. Mahala pa daktari niligonga muhuri wa zamani wa wodi yangu ambao ningepaswa kuurudisha siku niliyostaafu.

Mwezi wa tatu moyo wangu ulianza kupiga ovyo, mara mbio, mara unasita. Daktari alinipa dawa ya kuzuia damu isigande, nimeze kila siku maisha yangu yote. Akaniuliza nafanya mazoezi gani. Nikamwambia natembea ufukweni na dada yangu. Mtu anayemeza dawa ile akigonga kichwa, hata kidogo, damu haisimami. Haya sikuyasoma gazetini. Nimewafundisha wauguzi wadogo miaka na miaka. Nimesimama kwenye meza za upasuaji nikiyatazama kwa macho yangu. Ndiyo maana Wael anashangaa. Angeanguka yeye vile, angepata yai. Mimi nilitobolewa fuvu.

Utaniuliza kwa nini. Mimi nilijifunza kuteleza nikiwa na miaka hamsini na minne, mwaka uliofuata baada ya mume wangu kufariki. Miaka thelathini na moja nilisimama kwenye sakafu ngumu nikiwapa madaktari mikasi. Siku niliyoweza kwenda mita ishirini bila ya kushika ukuta, nilihisi mwili huu ni wangu. Ukishasema kwamba moyo wako mgonjwa, kila mtu anakushika kiwiko ukishuka ngazi. Maan ameanza tayari. Nankya, mama wa Kiganda anayekaa na mimi hapa nyumbani, kanificha viatu vya barafu na hataki kunambia wapi. Nilijua haya yatakuja, nikayakimbia. Nilikuwa nikiwakagua nyinyi wote mmoja mmoja ili pasiwe na wa kunikagua mimi.

Kwa hivyo wewe ulidanganya na mimi nilidanganya, na tukakutana kwenye kona ya uwanja.

Sikwambii haya ili hasira yangu ipungue. Haijapungua. Nakwambia kwa sababu ni kweli. Nimemwandikia Shihab, nimemweleza ya kwangu yote, nimejiuzulu. Ya kwako sikumwandikia. Utayasema mwenyewe, mbele ya watu, si kwenye kikaratasi. Nakupa mpaka Jumatano ijayo. Ikipita hiyo, ntayasema mimi, na unajua sintopunguza neno.

Mwambie Bi Mahbuba barua yake nimesomewa. Yeye simlaumu kama anavyojilaumu.

Wijdan

*

Hail
Alkhamisi, 5 Disemba 2024

Bi Wijdan,

Nimesema.

Nikwambie ilivyokuwa, maana Shihab atakueleza kwa ufupi na Loay ataweka chumvi.

Jana tulikutana chumba cha kuvalia, saa nne kasoro robo, wote kumi na wanane. Tulikuwa tumevaa nusunusu, mwengine kiatu kimoja, mwengine soksi. Shihab akaisoma barua yako ya kujiuzulu. Alipofika pale pa muhuri wa wodi aliurudia mstari mara mbili. Hakuna aliyecheka. Mimi nikasimama. Hata Brno kwenye mtihani wa mwisho sikuogopa vile.

Nikasema, "Jicho langu la kushoto halioni. Nilimdanganya daktari. Wael, Shihab, Loay, Wijdan, wote hao niliwagonga kwa sababu sikuwaona, na nilijua kwa nini sikuwaona. Barafu haikuwa na maji."

Nilisubiri wanizomee. Badala yake Shihab akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Mimi sikio la kulia limekufa. Filimbi siisikii. Nikiona nyinyi mmesimama, na mimi nasimama."

Nikamwambia, "Shihab, mwenyekiti mzima!"

Akanijibu, "Kaa kimya, wewe kipofu."

Basi midomo ikafunguka. Wael akasema ana sukari, anajipiga sindano, na mara mbili amezimia akiwa anaegesha gari nyumbani. Golikipa wetu goti lake moja ni la chuma, aliliweka India, akatwambia alikuwa amekwenda kutembea. Mmoja ana mpira kwenye mshipa wa moyo, aliwekewa ili usizibe. Mmoja anasahau, anasema kuna siku alimaliza mechi akakaa ndani ya gari robo saa hajui nyumba yake iko njia gani. Huyo alilia. Tulikuwa saba, Bi Wijdan. Saba katika kumi na wanane, na fomu zetu zote ubaoni zinasema tuko sawasawa.

Wa mwisho alikuwa Loay. Akasema, "Mbavu zangu mbili zilivunjika siku ile. Nilimwambia Wijdan ni michubuko, kwa sababu nilijua atanikalisha nje wiki sita. Nikarudi baada ya wiki, nimejifunga bendeji chini ya shati."

Nilikaa chini. Mbavu mbili, na mimi nilikuwa nikikuandikia vichekesho vya mawaridi. Nilikwenda nikamshika mkono. Akanambia, "Angalau rudi kwenye kundi." Nimerudi. Leo alfajiri nimepata waridi la manjano.

Hatukucheza. Tulivua tena vile tulivyovaa, tukaenda kunywa chai, na kila mtu alizungumza sana, kama watu waliotoka mazikoni. Ligi imesimama mpaka Januari.

Daktari wa macho, wa kweli safari hii, anasema la kushoto halirudi. La kulia linaweza kuokolewa kwa matone, asubuhi na jioni, bila ya ujanja. Funguo za gari nimempa Mahbuba. Anaendesha kwa mwendo wa jeneza, na kila mzunguko wa barabara anamsubiri mtu ambaye bado yuko Ruwi, upande wa pili wa mji. Nimekaa pembeni nimenyamaza. Hiyo nadhani ni sehemu ya adhabu yangu.

Yule dereva wa mashine nimemfuata nikamwomba radhi. Alikuwa hajui hata kama nilimtaja. Sasa anajua, na ananitazama vibaya.

Kuomba radhi kwako sijui nianzie wapi. Nimeandika kurasa mbili, nikazichana, maana kila sentensi ilikuwa ikijitetea. Nikaona niseme tu: nilijua, na nikacheza. Basi.

Watu wote wanataka urudi usimamie. Shihab kaniambia nikuulize mimi. Nikamwambia sina uso. Akasema ndiyo maana.

Aflah

*

Khuwair ya Kusini
Jumanne, 7 Januari 2025

Kaka Aflah,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza niweze kuandika ukurasa mzima bila ya kupumzika. Huu ndio wa kwanza.

Shihab alikuja mara tatu kuniomba. Mara ya tatu nilikubali, kwa masharti. Kazi ya kukagua haitakuwa ya mtu mmoja tena, na anayekagua atakaguliwa wa kwanza. Fomu zitatoka kwa daktari mmoja tuliyemchagua sote, zikienda kwake na kurudi bila ya kupitia mikononi mwenu. Na kila asubuhi kabla ya mechi kila mtu atasema kwa mdomo wake mbele ya wenzake amelalaje, amekula nini, amemeza nini.

Wiki mbili nimekaa na yule daktari tukiwapitia mmoja mmoja. Shihab atacheza, tunafunga taa nyekundu nyuma ya kila goli, itakayowaka filimbi ikilia. Wael atacheza akipima sukari kabla na katikati. Goti la chuma litakaa golini, lakini marufuku kupiga magoti. Loay atakaa nje mpaka Machi. Anayesahau atacheza robo saa robo saa, na mtu wa kumfikisha nyumbani. Mwenye mpira kwenye mshipa anasubiri kauli ya daktari wa moyo, na nina matumaini naye.

Wawili tu ndio hawarudi kabisa kwenye barafu. Mimi na wewe. Nilimwuliza daktari kwa ajili yangu, nikamwuliza na kwa ajili yako, nikamwuliza tena kwa njia nyengine, kama yule mgonjwa msumbufu ambaye nilikuwa nikimwonea uchungu zamani. Jibu halikubadilika. Nilirudi nyumbani nikalia sana. Sikumwambia Maan wala dada yangu, maana wao wanaona nimepona na hilo ndilo kubwa. Nakwambia wewe kwa sababu hakuna mwengine ambaye imempata.

Bado nna hasira na wewe. Sitaki ufikiri barua hii ni msamaha. Nikishika kikombe kikaniponyoka, nakasirika upya. Nadhani hasira zitakwisha polepole, na siku zitakapokwisha ntakwambia.

Lakini mlangoni patawekwa meza na viti viwili, na mtu wa pili namtaka awe anayejua jinsi mzee anavyodanganya kuhusu mwili wake. Mimi najua nusu. Nusu ya pili unaijua wewe. Utawatazama usoni wakiingia, na ukiona mtu anacheka sana, utamwuliza mara mbili.

Tunaanza Jumatatu, tarehe kumi na tatu. Mwambie Bi Mahbuba atoke mapema, kwa mwendo wake ule. Saa tatu kamili uwe umekaa. Na vaa koti zito. Nimekwenda kupajaribu pale mlangoni, na mtu asiyecheza anapigwa na baridi mpaka kwenye mifupa.

Wijdan